Mtu wa Kujibu Watu

Kwenye mlango wa ofisi yake palikuwa na kibao kilichoandikwa "Afisa wa Habari", na kibao hicho kilimletea taabu kuliko kazi yenyewe. Watu wengi wa kwetu, wakisikia habari, hufikiria redio. Asubuhi moja alikuja mzee kutoka Siongiroi, koti refu, fimbo mkononi, akapita hapo mapokezi nilipokuwa nikikaa bila hata kunisalimia, akaingia moja kwa moja.

"Wewe ndio ofisa wa habari?"

"Ni mimi, mzee. Chamgei," alimsalimu kwa Kipsigis.

"Chamgei. Sasa tangaza ng'ombe yangu. Dume, nyekundu, iko na pembe moja imeangalia chini. Imepotea."

Mtu mwingine angecheka, au angemwelekeza kituo cha polisi na kurudi kwenye gazeti lake. Afisa alimwekea mzee kiti. Akamweleza pole pole, nusu Kiswahili nusu Kipsigis, kwamba yeye hatangazi. Kwamba kazi yake ni raia kuuliza serikali jambo, naye kulitafuta jibu. Mzee akasikiliza, akafikiri, kisha akasema, "Sawa. Nauliza serikali: ng'ombe yangu iko wapi?"

Afisa akachukua simu yake mwenyewe. Akapigia chifu wa huku na chifu wa kule, akapigia mtu anayesimamia soko la mifugo Mulot. Dume lilipatikana baada ya muda, limefungwa kwa mtu aliyesema alilinunua kwa haki. Tangu siku hiyo kila siku ya soko Siongiroi kulikuwa na mtu wa kusema kwamba serikali siku hizi inajibu.

Nilifanya kazi mlangoni pake miaka mingi. Mimi ni mtoto wa kambini. Baba yangu alitoka upande wa ziwa kuja kufanya kazi katika kiwanda cha majani chai, na sisi tukazaliwa katika zile nyumba za mstari, tukijua Kijaluo cha nyumbani, Kiswahili cha uwanjani na Kipsigis cha kununulia maziwa. Nilipopata kazi ya mapokezi katika ofisi ile ya serikali, niliambiwa na aliyenitangulia: "Huyo mzee wa chumba cha kona, usimchukulie haraka. Ni mzuri lakini ni pole kama jongoo."

Ni kweli alikuwa pole. Alikuja kazini akiwa tayari amechuma majani ya shamba lake tangu kabla ya jua, kwa hiyo vidole vyake vilikuwa na ile rangi nyeusi ya utomvu isiyotoka kwa sabuni, na chini ya meza yake palikaa viatu vya gambuti vyenye matope. Mtu akileta ombi, alilisoma, akalikunja, akatoka nalo. Hakupenda kuandikia idara nyingine. Alikwenda huko mwenyewe, akakaa kwenye benchi kama raia, akangoja. "Barua inaweza kuwekwa chini ya barua nyingine," aliniambia. "Mimi siwezi kuwekwa chini ya mtu."

Alipolipata jibu aliliandika kwa lugha ya ofisi, kisha akaliandika tena kwa Kiswahili cha sokoni, halafu akaniita.

"Akinyi, kuja. Jifanye wewe ni mama anauza sukuma. Nikikusomea hii, umeelewa nini?"

Nikimwambia sikuelewa, hakusema mimi ni mjinga. Alikata maneno. Neno "mchakato" alilichukia kama mdudu kwenye mboga. "Husika" pia. "Ukisikia mtu anasema idara husika inaendelea na mchakato," alisema, "jua hakuna mtu amefanya kitu."

Yeye mwenyewe ulimi wake ulikuwa wa Kipsigis kabisa. B na p kwake zilikuwa dada wawili waliovaa nguo moja, kwa hiyo jibu lilitoka mdomoni mwake kama "jipu". Vijana wa ofisi walikuwa wakimcheka kwa mgongo. "Mzee amesema anakuletea jipu!" Siku moja aliwasikia. Akasimama hapo akitafakari, kama ndiyo kwanza analisikia neno lenyewe, kisha akasema, "Lakini ni ukweli. Jibu likikaa ndani sana, linakuwa jipu." Akaenda zake. Baada ya hapo walilisema neno hilo kwa heshima, hata kwenye mikutano.

Nisimfanye malaika. Alikuwa na kichwa kigumu, na kama alikuwa hajaridhika na jibu angekuzungusha wiki nzima huku ukimlaani. Aliweza kukosea pia. Kuna wazee wa Mulot waliouliza kama josho la mifugo lao litafunguliwa tena, akawaambia ndiyo, baada ya mvua. Aliambiwa hivyo na mtu aliyemwamini. Mvua ikapita, akagundua hakukuwa na mpango wowote. Sisi tulimwambia aache, wale wazee wameshasahau. Alisafiri hadi Mulot siku ya mnada, akawatafuta katikati ya ng'ombe na vumbi, akawaambia mbele ya watu, "Niliwaambia uongo bila kujua. Nisameheni. Josho halifunguliwi." Mmoja wao alimwambia afadhali angekaa kwake tu, wangeendelea kutumaini. Alituletea maneno hayo ofisini na yalimkaa rohoni. Nilimwona akiyarudia peke yake, akitingisha kichwa.

Na alijua kunyima. Hili watu hawakulijua, kwa sababu aliyenyimwa hasifu. Alikuja mwanamume mmoja, suti safi, maneno ya upole, akitaka kujua muuguzi fulani amehamishiwa zahanati gani. "Ni mfanyakazi wa umma," alisema, "na mimi ni umma." Alikuwa ameisoma sheria vizuri.

Afisa alimuuliza jambo moja. "Huyo ni nani kwako?"

"Ni mke wangu."

"Basi kama ni mke wako na hujui mahali yuko, hataki ujue. Hiyo si habari ya umma. Hayo ni maisha ya mtu."

Upole wa yule bwana uliisha hapo hapo. Alipiga meza, akamtukana Afisa na kabila lake, akasema atamfuta kazi. Askari wa lango alipomtoa, niliingia kuona kama mzee yuko salama. Alikuwa ameketi wima, mikono juu ya meza. "Niletee maji," aliniambia. Akanywa. Kisha akauliza, "Unafikiri amejua kutoka usoni mwangu? Maana mimi najua mahali huyo mama yuko." Nikamwambia uso wake haukusema kitu. Alishusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Uso wake kweli haukusema kitu, hasa kuhusu yeye. Hapo ndipo nilishindwa kumwelewa. Mtu aliyepigania kila raia ajue kila jambo, sisi tuliokaa naye hatukujua ana watoto wangapi. Ukimuuliza nyumbani wanaendeleaje, alisema, "Wako." Hata siku aliyougua alisema amechelewa kidogo tu. Nilimwambia mara moja, kwa mzaha, kwamba nitamwandikia ombi rasmi. Alicheka hadi machozi, wala hakunijibu.

Sasa nieleze mambo ya soko, kwa sababu hapo ndipo nilimchukia na hapo ndipo nilimjua.

Mama yangu, baada ya baba kustaafu kiwandani, alikuwa na kibanda kando ya barabara karibu na kambi. Aliuza omena na nguo za mitumba, omena upande huu, nguo upande ule, na kila mtu aliyevaa nguo zake alijulikana kwa harufu. Jirani yake alikuwa Mama Moraa, mama wa Kisii aliyeuza ndizi, mwenyekiti wa wachuuzi. Ulizuka uvumi kwamba barabara itapanuliwa. Mheshimiwa mmoja alikuja akasimama juu ya gari, akaapa kwamba hakuna kibanda hata kimoja kitaguswa. Watu walipiga makofi. Mama Moraa hakupiga. Jumatatu alikuja ofisini na ombi lililoandikwa na binti yake, na swali lilikuwa moja: sisi tutavunjiwa au hatutavunjiwa?

Afisa alikwenda kukaa kwenye benchi la wahandisi. Alirudi siku ya tatu, uso umeanguka. Mkurugenzi wetu alikuwa ameshapata fununu, akaja hadi chumba cha kona, na mlango haukufungwa.

"Mzee, waambie hao wamama kwamba suala lao linashughulikiwa."

"Linashughulikiwa na nani, mkubwa? Na tingatinga?"

"Usinifanyie hivyo. Mheshimiwa amesema hakuna kuvunjwa. Wewe utasema kuna kuvunjwa?"

"Mimi sisemi kitu changu. Nasema kilichoko."

Mkurugenzi aliondoka bila kuniangalia. Niliinuka. Nilikuwa nimesikia yote: upande wa chini wa barabara utaondolewa wote kabla ya mvua za masika. Upande wa chini ni upande wa mama. Nilikuwa tayari nimeshika mkoba.

"Akinyi, unakwenda wapi?"

"Kwa mama yangu."

"Ngoja kesho. Nitakwenda na jibu sokoni asubuhi, nitasoma mbele ya wote."

"Mzee, ni mama yangu!"

"Najua. Ukimwambia leo, leo usiku atauza kibanda kwa mtu ambaye hajui. Atakuwa amepona kwa kumwangusha jirani." Aliongea taratibu, karibu kama anayeomba. "Hii habari ni ya watu wote. Haiwezi kwenda nyumbani kwa mkoba wa mtu mmoja."

Nilimjibu kwamba mama yangu hajawahi kumwangusha mtu. Akasema anaamini. Akasema tena, "Ngoja kesho."

Nilingoja. Jioni hiyo mama alipika samaki, na tulipokuwa tukila akaanza kunieleza jinsi atakavyoongeza chumba nyuma ya kibanda, mbao ameshaona, fundi ameshasema naye. "Nyathina, mtoto wangu, mbona huli?" aliniuliza. Nikasema kichwa kinaniuma. Alinipikia maji ya tangawizi. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia Afisa wakati nikinywa yale maji.

Asubuhi alikuja sokoni kwa miguu, shati lake jeupe la kanisani. Alisimama karibu na ndizi za Mama Moraa akangoja watu wakusanyike, kisha akasoma. Kiswahili cha sokoni, bila mchakato. Upande wa chini wote utavunjwa. Wana haki ya kupinga, na akawaambia wapinge wapi na kabla ya lini. Wana haki ya kuomba mahali pengine, na akawaambia nani wa kumwomba. "Lakini msingoje kupinga ndio muhame," aliongeza. "Anzeni kutoa vitu."

Unaweza kufikiri walimshukuru. Walimzomea. Mtu mmoja alisema ametumwa na wapinzani wa Mheshimiwa. Mwingine alisema Wakipsigis wanataka kutufukuza sisi wa kuja, na huyu ndiye tarumbeta yao. Neno hilo lilipita katikati ya watu kama moshi, maana kwetu maneno kama hayo yamewahi kuchoma nyumba. Afisa hakujitetea. Alisimama tu na karatasi yake. Mama Moraa ndiye aliyepanda juu ya kreti la soda akapiga kelele: "Mimi ndiye niliuliza! Mkitaka kupiga mtu, nipigeni mimi niliyeuliza!" Zogo likapungua.

Mama yangu alikuwa amenigeukia.

"Wewe ulijua?"

"Tangu jana, mama."

"Ukakula samaki yangu ukijua."

Afisa alikuwa karibu, akasikia. "Ni mimi nilimzuia, mama."

Mama alimtazama kutoka viatu hadi kofia. "Mtoto wangu," alisema, "unamfunga mdomo nyumbani kwangu?" Beseni la maji aliyooshea omena lilikuwa miguuni pake. Alilimwaga lote kwenye viatu vya Afisa, bila haraka, kama mtu anayemwagilia maua.

Afisa akasema, "Pole, mama." Akarudi ofisini akinuka samaki, na siku nzima nzi walikaa naye.

Wengi walihama wakinung'unika. Mama Moraa alikwenda kuomba mahali pengine, akarudishwa, akaenda tena na wamama kumi nyuma yake, hadi wakapewa kiwanja karibu na kituo cha kupimia majani chai. Mama alihama wa mwisho, na zile mbao za chumba cha nyuma zikawa ukuta wa kibanda kipya. Tingatinga lilipokuja, lilikuta upande wetu wa chini karibu mtupu. Lakini kwenye kona, kilomita chache mbele, kulikuwa na soko jingine dogo ambalo halikuuliza, likamwamini Mheshimiwa. Nilipita hapo jioni ile. Sitaki kuieleza sana. Mama mmoja alikuwa ameketi juu ya lundo la mabati akikunja nguo za watoto za kuuza, moja moja, zenye matope, akizipanga vizuri kana kwamba mteja anakuja.

Mama yangu alikuwa amekataa kumsalimia Afisa hata kanisani. Siku chache baada ya tingatinga, aliniita nikienda kazini, akanipa kifurushi cha moto. "Mpe yule mzee wako." Ilikuwa omena ya kukaanga, nyanya na kitunguu. Sasa, Afisa alikuwa mtu wa mursik, yale maziwa ya kibuyuni, na nyama. Samaki kwake alikuwa mdudu wa majini. Alikifungua kifurushi mezani, akayatazama yale macho madogo yakimtazama.

"Inaliwa na kichwa?"

"Na kichwa, mzee."

Alikula yote, na vichwa, akimeza kwa nguvu, paji la uso likitoka jasho. Alipomaliza akasema, "Mwambie mama kongoi, asante. Mwambie ilikuwa tamu sana." Ilikuwa mara yangu ya pekee kumsikia akisema uongo kazini.

Ofisi haikumsamehe hivyo. Aliondolewa chumba cha kona akapelekwa nyuma, karibu na stoo ya matairi, na kibao chake hakikufuatana naye. Hakupandishwa cheo tena. Watu walimpata vilevile. Waliuliza askari wa lango, "Yule mtu wa kujibu watu yuko wapi?" na askari akawaonyesha kwa kidevu. Kijana aliyewekwa mahali pake, aliyesomea mambo hayo chuoni, alikuwa akienda kule nyuma kila alipokwama, na mzee hakumnyima kitu. Alipostaafu, ofisi ilitoa soda na keki. Mama Moraa alileta mkungu wa ndizi uliobebwa na watu wawili.

Mwaka jana, mvua zikiwa zimeanza kupungua, nilikwenda kumwona. Anaishi upande wa Kimulot, juu kabisa, mahali ambapo mashamba ya chai yanakwisha na msitu unaanza. Nilimkuta shambani, kikapu mgongoni, akichuma. Amekonda. Alifurahi kuniona kwa namna iliyonitisha, kama mtu aliyekuwa akingoja mtu yeyote.

Hatukuwa tumefika nyumbani alipoanza kusema, akiwa ameshika tawi la chai, bila kuniangalia. Mke wake ni mgonjwa. Daktari wa Kericho alimwita yeye peke yake pembeni, akamwambia ni saratani, imeenea, wasimsumbue tena kwa safari. Naye amemwambia mkewe kwamba ni vidonda vya tumbo.

"Nimemwambia atapona," alisema. "Kila siku namwambia. Mimi, Akinyi. Niliyeambia soko zima." Aling'oa jani akalitupa. "Wale hawakuwa mke wangu."

Nilimshika mkono, ule mkono wenye utomvu, tukapanda hadi nyumbani.

Mkewe alikuwa ameketi nje juani, kwenye kiti cha mbao kilichowekewa mto, blanketi miguuni. Mama mrefu, macho makali bado. Nilikuwa simjui kabisa, miaka yote ile. Yeye alinijua. "Wewe ni Akinyi wa mlangoni. Mama yako ndiye alimwaga maji." Alicheka, akashika tumbo. Kumbe huyu mzee alikuwa akimpelekea nyumbani habari zetu zote.

Tuliongea kidogo juu ya bei ya majani na watoto wangu. Kisha akanigeukia.

"Wewe umefanya kazi na huyu. Mtu akitaka kumuuliza jambo, inakuwaje?"

Nilihisi Afisa akikaza mwili kando yangu. Nikasema, kwa sababu hakukuwa na jibu lingine, "Anauliza tu, mama. Sheria inasema lazima ajibiwe."

"Hata mke?"

"Hata mke."

Alimgeukia mumewe. "Mzee. Daktari alisema nini?"

Afisa alitazama msitu. Kisha akachuchumaa mbele ya kiti, magoti yakilia, akaanza kumweleza kwa Kipsigis. Kipsigis changu ni cha kununulia maziwa. Maneno mengi yalinipita. Lakini hakuharakisha na hakuruka kitu, hadi mwisho.

Mkewe alimsikiliza akiwa ameweka mkono kichwani pake, kwenye zile mvi. Alipomaliza, yule mama alijibu kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisiachwe nje.

"Nilijua. Mwili ni wangu, nitakosaje kujua? Nimekaa na hii kitu peke yangu tangu mvua ianze, nikikuhurumia jinsi unavyohangaika na vidonda vya tumbo." Alimpangusa shavu kwa upindo wa leso. "Sasa tuko wawili. Enda uweke maji kwa moto, mgeni hajakunywa kitu."

Aliinuka, akaingia jikoni. Tulisikia sufuria ikianguka, kisha sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake miaka yote ile. Nilitaka kusimama. Yule mama akanishika nguo.

"Mwache," alisema. "Mwache alie kwanza. Chai italetwa."